Mviringo Alioukataa Mzee Phares

Mzee Phares hajui kuendesha gari. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Shauri Moyo huona haya kulitaja, na mimi haya hiyo sina. Alifanya mtihani wa leseni mara tatu na mara zote tatu akaanguka, kwa sababu badala ya kutazama barabara alikuwa akimweleza mtahini habari za difu, ile gia ya ekseli ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili.

Difu ndiyo maisha yake. Alifanya kazi karakana ya reli mpaka akastaafu, na hadi leo huvaa ile ovaroli ya khaki, mfukoni kipande cha chaki. Anayetaka kununua gari kuukuu la kupita matope, awe wa Kayole au Njiru, huja kumchukua kwanza. Shida ni hii: difu ya kawaida, gurudumu moja likianza kuteleza kwenye matope, nguvu zote hulikimbilia hilo na mwenzake husimama kutazama. Difu aina ya elesidi huzuia upuuzi huo, ikalisukuma na lile lingine. Basi kila muuzaji huapa kwamba gari lake lina elesidi, kama kila mchumba anavyoapa kwamba hanywi.

Mzee huinua nyuma ya gari kwa jeki mbili, magurudumu yote mawili yakaning'inia, gia ikiwa fri. Huchora mstari wa chaki kwenye kila tairi. Kisha hufumba macho, sijui kwa nini, labda ni madoido, na kuzungusha gurudumu moja kwa mkono huku sisi tukitazama lile la pili. Likienda kinyume, ni difu ya kawaida na muuzaji ni mwongo. Likifuata upande uleule, kuna matumaini.

Matumaini tu, maana kuna mafundi, Mungu awasamehe, mimi nimeshindwa, ambao huyachomea meno ya difu kwa welding yakashikana kabisa. Hapo magurudumu hufuatana vizuri mno, hata kwenye kona ambako la nje linapaswa kukimbia kuliko la ndani. Ndiyo sababu mtihani wa mwisho ni mviringo. Mimi nauza oili na grisi mkabala na nyumba yake, na niliendesha basi la shule miaka tisa. Huingia kwenye usukani nikalizungusha gari katika duara dogo juu ya lami. Elesidi nzima hunung'unika kidogo tu. Difu iliyochomewa huliza tairi na kurukaruka. Gari likishinda, Mzee hugonga ekseli mara tatu kwa ile chaki na kusema, "Imepita." Neno hilo alikuwa hajawahi kulirudisha, na hilo ndilo lililomtia kiburi.

Sasa, mwaka jana aliaibika. Mama mkwe wake, Mama Elsie, anaishi Njiru, kwenye ule udongo mweusi unaogeuka uji mvua ikinyesha. Mzee na mkewe Elsie walikwenda kumwona kwa kigari cha kukodi, kikakwama mita hamsini kutoka langoni. Watu wakatoka kusukuma. Mzee, ameketi mbele, akatazama kwenye kioo cha pembeni na kumwona mama mkwe wake, gambuti miguuni, mikono yote miwili kwenye buti ya gari, akirushiwa matope hadi kwenye kilemba.

Kwao mtu na mama mkwe wake hawashikani mkono, hawali pamoja, wala hawatazamani usoni. Kushuka kungemfikisha karibu naye. Kubaki kulimaanisha kusukumwa naye. Mzee alibaki, na mwaka mzima hakukanyaga Njiru. Nilimsikia akimwambia Elsie kwamba atarudi kwa mama mkwe siku atakapofika hadi mlangoni bila mkono wa mtu kugusa gari. Nilicheka, halafu nikamwona uso nikageuza kicheko kuwa kikohozi.

Mwezi wa nne Mama Elsie aliandaa ibada ya shukrani kwa kutimiza miaka themanini. Mzee akaamua kununua gari, mara ya kwanza maishani mwake. Broka mmoja wa Kayole anayeitwa Ngigi alikuwa nalo, la kijani, refu, lenye taa kwenye paa.

"Niaje, Mzee Phares!" Ngigi alipiga kelele ili barabara nzima isikie. "Leo daktari amekuja kujinunulia dawa. Hii ni elesidi safi. We cheki tu mwenyewe."

Watu wakajaa. Mzee akapiga jeki, akachora chaki, akafumba macho, akazungusha. Gurudumu la pili likafuata papo hapo, utadhani limetumwa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshaenda kwenye mlango wa dereva.

"Mzee, na mviringo?"

"Mama Gitonga," akasema bila kufumbua macho, "mviringo ni wa watu wasioiamini mikono yao."

Akagonga ekseli mara tatu. Imepita. Nilimwambia Ngigi maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, naye akacheka akiyahesabu manoti yake.

Siku ya ibada nilishika usukani, Mzee kando yangu akiwa na tai, Elsie nyuma na sufuria ya kuku mapajani. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Kona ya kwanza tu ya kuingia barabara ya Jogoo, tairi zikalia na sehemu ya nyuma ikaruka kama mbuzi.

"Mzee, umesikia?"

"Elesidi inaamka."

Kwenye mzunguko wa pili sufuria ilimwagia Elsie mchuzi. "Mzee wangu," akasema taratibu, "hii elesidi yako bado inaamka?" Mzee alitazama dirishani. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho na asubuhi ilikuwa baridi. Alijua. Naapa kwamba alijua tangu ile kona ya kwanza, na nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

Tulipotoka barabara ya Kangundo tukakuta magari manne yamekwama kwenye udongo mweusi, wenyewe wamekunja suruali. Hapa niseme ukweli hata kama unaniuma: difu iliyochomewa haina mpinzani kwenye matope ya kunyooka. Tuliwapita wote tukiunguruma. Watu wakapiga mbinja. Mzee akashusha kioo, akatoa mkono, akaanza kupunga kama mheshimiwa.

Kisha tukafika langoni, na lango lilikuwa kwenye kona.

Nilikata usukani wote kushoto. Magurudumu ya mbele yakaangalia kushoto. Lakini yale mawili ya nyuma, yaliyochomewa pamoja, yaliendelea kutusukuma mbele. Nilikanyaga breki tukateleza vilevile, taratibu, kwa heshima zote, tukaangusha ua wa mabati, tukaingia kwenye bustani ya sukuma wiki ya Mama Elsie, na gurudumu moja la mbele likatumbukia kwenye mtaro. Mchungaji alikuwa katikati ya sala. Alisema amina mapema.

Waumini wakaja mbio kusukuma. Na mbele yao wote, gambuti miguuni, akija bila kuulizwa, Mama Elsie.

Mzee aliruka nje. Akasimama kati yake na gari, akiwa amempa mgongo kwa adabu. Mama Elsie akapita kulia. Mzee, bila kugeuka, akaenda kulia. Mama akapita kushoto, naye kushoto. Waumini hawakujua wacheke au waimbe. Mwishowe Mzee akamkabili mchungaji, akasema kwa sauti iliyosikika hadi kwa majirani:

"Mchungaji, mwambie Mama asiguse hili gari. Halistahili mikono yake. Difu imechomewa, na fundi aliyeipitisha ni mimi. Mama Gitonga aliniambia tufanye mviringo, nikakataa kwa sababu watu walikuwa wananipigia makofi. Nimedanganya mikono yangu mwenyewe."

Miaka yote niliyomfahamu sijawahi kumsikia akikubali kosa, hata la kutia chumvi kwenye chai. Nilishika usukani kwa nguvu nisilie mbele ya watu nisiowajua.

Mama Elsie alimgeukia binti yake, maana ndiyo njia ya kumfikia mkwe.

"Mwambie nilijua tangu niliposikia tairi zenu zikilia kwenye kona ya dukani, kule kwenye lami. Marehemu baba yako aliendesha trekta la kaunsili. Akisahau mguu kwenye ile pedali ya kufunga difu, trekta lilikuwa likilia hivyohivyo na kukataa kona. Mara mbili liliniingilia jikoni."

"Amesikia, Mama," Elsie akasema. Mzee alikuwa hatua tatu kutoka hapo.

"Na mwambie mwaka jana nilisukuma nikiwa nimefumba macho, nisimwone, ndiyo maana nikala matope mengi hivyo. Nikangoja arudi. Mwaka mzima nikangoja mtu aliyeona haya kwa sababu nimemsaidia." Akafunga kilemba vizuri. "Mimi nina miaka themanini na sina muda wa kungoja tena. Leo afumbe yeye."

Mzee Phares alisimama katikati ya sukuma wiki, mikono kando ya ovaroli aliyoivaa chini ya koti, akafumba macho. Nimemwona akifumba mara elfu, na kila mara huchungulia kidogo, tunajua sote. Siku hiyo hakuchungulia. Machozi yalimtoka yakashuka hadi kwenye tai, naye hakuyapangusa.

Mama Elsie akaweka mikono yake miwili kwenye boneti, moja kwa moja mbele yangu, akaniangalia.

"Haya, dereva," akasema. "Unangoja nini?"

Nikatia rivasi.