Mpungate Niliotaka Uitwe Mwanahalima

Mwanangu wa pekee alikufa siku ya sita. Angepewa jina siku ya saba, kwa akika, mbuzi achinjwe na majirani wa Ngarenaro wale. Jina nilishachagua, Mwanahalima, lakini hakuna aliyewahi kulisikia.

Baadaye nikawa mtunza bustani wa Memsahibu, mke wa Mwingereza mwenye shamba la kahawa chini ya Mlima Meru. Alikuwa na mipungate miwili, mimea ya miiba iliyotoka ng'ambo, mmoja wa maua meupe, mwingine mekundu. Mimi ndiye niliyechota unga wa ua jekundu kwa unyoya wa kuku nikaupaka ua jeupe, nikapanda mbegu, nikaifunika miche kwa magunia wakati wa baridi ya Juni. Mwaka wa tano mche mmoja ukachanua ua pana kama sahani, rangi ya papai lililoiva.

Memsahibu akashika mdomo. "Batuli! Ua hili halipo popote. Kwetu, aliyelizalisha ndiye hulipatia jina. Taja."

"Mwanahalima."

Akaandika nikimwona.

Basi nikachinja mbuzi wangu, majirani wakala, nikawaalika kwenye maonyesho ya maua mjini walione jina. Tukaenda na kanga mpya. Mbele ya ua palikuwa na kibao. Mimi sijui kusoma, nikamwambia kaka yangu Jamaldini, "Soma kwa sauti, wote wasikie."

Akanivuta mkono. "Dada, turudi nyumbani."

"Soma!"

"Limeandikwa Binki."

Binki ni mbwa wa Memsahibu. Mbwa! Nilipomwona Memsahibu nikamuuliza jina la mwanangu liko wapi.

"Lilikuwa refu mno, Batuli, waamuzi wasingeweza kulitamka. Na Binki wangu amezeeka, maskini."

Maskini ni mbwa.

Nyuma yangu jirani yangu Chiku, ambaye alilamba hadi mifupa ya yule mbuzi, akapiga kelele, "Ala! Kumbe tumekula akika ya mbwa! Hongera, Mama Binki!"

Wakacheka mpaka kanga zikawadondoka. Sikurudi tena kwenye bustani ile.

Juzi binti mmoja aliyehamia mtaani kwetu aliniamkia kwa adabu zote: "Shikamoo, Mama Binki. Na Binki mwenyewe, hajambo?"