Damu ya Kila Nyumba

Mashine yangu niliiunda kwa gurudumu la baiskeli. Ukizungusha pedali kwa mkono, vimirija vya kioo vyenye damu vilizunguka kwa kasi mpaka vimelea vya malale, ule ugonjwa wa kusinzia, kama vimo, vijitenge na kuonekana kwenye darubini. Haikuhitaji umeme. Nilikuwa nasomea shahada ya pili Dar es Salaam, mtoto wa kijijini Susuni mimi, na kichwa kilinivimba, acha tu.

Nikaruhusiwa kuijaribu Mbalibali, kwenye kijiji cha ujamaa alikoolewa shangazi yangu. Mbung'o, wale nzi wanaoeneza malale, walikuwa wengi kule. Nikamwendea mjumbe wa nyumba kumi, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia, "Mzee, nataka damu kutoka kila nyumba." Akaitikia vizuri, akapita akitangaza.

Asubuhi watu walijipanga wenyewe, mikono ya mashati wameshaikunja. Vijana wa misuli, akina mama wa nguvu. Kutoka nyumba ya shangazi alikuja mkwewe, mke wa mwanawe, mwanamke wa kubeba gunia la mtama peke yake. Nilizungusha gurudumu siku tatu, sikuona hata kimelea kimoja. Nikaandika kwamba kijiji ni salama.

Siku ya mwisho nilikula kwa shangazi. Akasinzia na tonge la ugali mkononi. Nikacheka. "Shangazi, uzee umeingia bila hodi!"

Akafumbua macho. "Ni uchovu tu, mwanangu. Hata kwenye damu yako sikuweza kuja. Lakini nyumba yetu tumeshatoa."

Nilisikia kila neno. Nikanawa mikono, nikakimbilia lori. Mungu anisamehe. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakuficha, alisinzia mbele yangu.

Chuoni mwalimu wangu alisoma kurasa zangu, kisha akauliza, "Na waliokuwa wamelala ndani, nani aliwapima?"

Kumbe! Kwenye shamba la kijiji kila nyumba ilipeleka mtu mmoja mzima wa afya kwa niaba ya wenzake, mgonjwa hasumbuliwi. Mjumbe alinielewa hivyo, angenielewaje vingine? Mimi mwenyewe kila likizo nililima shamba la namna hiyo Susuni, kwa niaba ya mama yangu mwenye miguu mibovu. Nilikuwa najua, nikasahau.

Nilirudi Mbalibali na mashine mgongoni. Nilikuta kaburi, udongo wake bado mbichi. Nililia pale kama mtoto, sioni aibu kusema.

Yule mkwewe alinikaribisha, akaniletea maji ya kunywa. Hakunilaumu. Alikiangalia kidole nilichomchoma siku ile, kisha akauliza kwa upole:

"Shemeji, ile damu niliyomtolea mama haikumtosha?"