Dishi Lilipolalia Upande wa Rwanda

Jirani yangu hapa Mwanza ameweka geti la umeme. Akifika na gari lake, mota inavuma kwa sauti nyembamba, inasita, inavuma tena, halafu chuma kinagonga chuma. Watoto wangu wanalipenda. Mimi nikiusikia mvumo ule damu inanichemka, hata kama nipo jikoni nakoroga uji wangu kwa amani. Mume wangu anasema nina ugomvi na geti la watu. Geti halijanikosea kitu, jamani. Ugomvi wangu ni na dishi, tena dishi ambalo pengine lilishauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu zamani.

Dishi lenyewe lilikuwa la Mzee Byarugaba, mnunuzi wa kahawa pale kwetu Ihembe, Karagwe, miaka ya tisini mwanzoni, nilipokuwa darasa la tatu. Alilileta kutoka Kampala kwenye lori, vipande vipande, likaunganishwa uani kwake likawa kubwa kuliko paa la jiko letu: wavu mweusi juu ya nguzo, na mkono wa chuma wenye mota ya kuligeuza. Ndani, kando ya televisheni, palikuwa na kiboksi cha kubonyeza. Jenereta likiwashwa na kiboksi kikibonyezwa, dishi liligeuza uso wake taratibu kutoka upande mmoja wa mbingu hadi mwingine, likitafuta matangazo ya nchi za mbali ambayo, alivyotuambia mwenyewe, yanashuka bure kama mvua, kazi ni kukinga tu.

Nyumba yetu ilikuwa chini ya kilima, yake juu, na dishi tuliliona vizuri likiwa limeipita migomba. Haukupita muda kila mtu akajua kulisoma. Likilala mashariki, upande wa Bukoba, ni Wahindi wanaimba wakikimbizana bustanini. Likitazama juu kabisa, ni Waarabu na taarifa zao za habari. Likilalia magharibi, upande wa Rwanda, hapo ni mpira wa Ulaya, na wanaume waliacha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu wakapanda kilima.

Basi bibi yangu, mzaa baba, akafariki. Alikuwa ameugua muda mrefu, na aliyemuuguza ni mama: kumwogesha, kumgeuza, kumnywesha uji kwa kijiko, na kumsikiliza akilalamika kwamba uji unanuka moshi. Tulimzika Jumamosi kibanjani, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Kwetu mtu akifa jembe halishikwi, si kwa mwenye msiba wala kwa jirani, mpaka matanga yaanuliwe. Wanawake wanakaa ndani kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni, wanaume wanakaa nje kwenye moto, na moto huo hauachwi peke yake. Kuuacha ni kumtukana marehemu. Nilifundishwa hivyo tangu sijajua kusoma, na nilikuwa mtoto wa kushika maneno.

Jumapili alasiri nilikuwa nimekaa mlangoni. Ndani, Shangazi Koleta, dada mkubwa wa baba, alikuwa akiongoza rozari. Nje, wanaume walikuwa wamejaa kwenye moto. Mara nikausikia ule mvumo kutoka kilimani. Wanaume wote wakainua vichwa. Dishi likajivuta, likasita, likajivuta tena, likalalia upande wa Rwanda.

Aliyeanza ni fundi cherehani. Akasimama, akajinyoosha, akasema anakwenda kujisaidia. Haya, nani atamzuia mtu haja yake? Akafuata mwingine, naye kabanwa. Akafuata katekista. Katekista, ndugu zangu! Njia ya chooni kwetu ilikwenda kushoto. Hawa wote walikata kulia, kupanda kwa Byarugaba. Wengine baada yao hawakujisumbua hata kutoa sababu. Mimi nikajituliza kwamba baba yupo, moto una mwenyewe. Si mama yake ndiye aliyelala pale kibanjani chini ya udongo mbichi? Baba aliuchokoa moto kidogo, akautazama mlango wetu, akatazama juu kilimani, akaondoka. Yeye hata kujisaidia hakusema.

Sijui kama mmewahi kukasirika mkiwa watoto, hasira ya kweli, siyo ile ya kunyimwa andazi. Niliingia ndani katikati ya rozari, nikasema mbele ya wanawake wote kwamba moto wa bibi hauna mtu.

Shangazi Koleta alikuwa mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, na siku zote kuinuka kwake kulihitaji watu wa kumvuta. Siku hiyo aliinuka peke yake. Alitoka nje, akaviangalia viti vitupu, akaliangalia dishi. Kisha akaokota gogo dogo lililokuwa likiwaka, akalishika upande uliopoa, akaanza kupanda. Wanawake wakajifunga kanga zao sawasawa, wakamfuata, na mimi nyuma yao.

Byarugaba alitutokea barazani akatupa pole, sauti ya chini kabisa ya msibani. Alipoona pole haipokelewi akaanza kujieleza: msiba ameuheshimu, vibarua wake wote amewapumzisha, hakuna aliyegusa mgomba wala mbuni.

"Dada, dishi si jembe," akasema, na nadhani aliamini kabisa.

Shangazi aliliweka gogo chini ya nguzo ya dishi, akaketi kwenye vumbi kando yake, akanyoosha miguu.

"Wenye msiba wamehamia huku," akasema. "Basi msiba uko huku. Sisi hatuna haraka."

Wakaanza kulia. Ninyi mnaojua wanawake wa Karagwe wakiamua kulia, mnanielewa. Kwa kilio walilifunika jenereta, wakamfunika na mtangazaji na lugha yake isiyojulikana. Byarugaba alilizunguka gogo lile mikono kichwani, akizihurumia nyaya zake, asithubutu kuligusa. Moto wa msiba ukishawaka uani kwa mtu, hauzimi yeye, na sisi tungelala pale mpaka matanga yaanuliwe. Mwishowe akaenda kuzima jenereta.

Wanaume walitoka mmoja mmoja, wakipita katikati ya wanawake kwa sababu mlango ulikuwa mmoja. Katekista alikuwa akitazama viatu vyake. Baba alitoka wa mwisho. Shangazi akamwonyesha gogo, akamwambia abebe. Akabeba, akatangulia kushuka, na sisi sote nyuma yake.

Kisa hiki Ihembe wanakisimulia hadi leo, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Shangazi anasifiwa, na anastahili. Na baba wanamtetea. Nilipokua, wakubwa walinieleza kwamba alikuwa kitinda mimba, kipenzi cha mama yake, na kwamba alikuwa anaukimbia uchungu, siyo anaufuata mpira. Sawa. Mimi pia nimefiwa, najua uchungu unavyofukuza mtu. Baba nimemwelewa.

Lakini ilibidi niolewe kwanza, nipike kwenye misiba ya ukweni mpaka mgongo uume, ndipo nikajiuliza mama alikuwa wapi siku ile. Kwenye nyasi hakuwapo. Kilimani hakupanda. Katika kusimulia kote huko na kucheka kote huko, hakuna hata mmoja anayemtaja. Alikuwa nyuma ya nyumba anamenya ndizi, kwa sababu waliokimbia wangerudi na njaa, na waliokwenda kuwarudisha wangerudi na njaa. Yeye aliyemwogesha bibi mpaka siku ya mwisho! Tulishuka tumejaa ushindi, tukakuta masufuria tayari, tukanawa, tukala. Sikumbuki kama kuna aliyemwambia pole. Wanaume walipata pa kukimbilia. Mama alipata ndizi.

Nilipokwenda nyumbani baada ya kujiuliza hivyo, nikamuuliza alimlilia bibi lini. Alikuwa anachambua maharage, wala hakuinua uso.

"Nilisema nitalia wageni wakiondoka," akasema. "Wakaondoka, nikalala. Nilikuwa nimechoka, mwanangu."