Mpaka Kila Mtu Aitike

Nakumbuka jioni moja ya Novemba, mwanangu, mvua za kupandia zilipokuwa zimeanza na kila mtu nyumbani kwetu ana shughuli yake. Nataka kukusimulia kwa sababu Jumapili uliudhika nami, na sikupata nafasi ya kukueleza.

Nilikuja kwako Njombe kutoka Makambako na kiroba changu cha viazi, nikakuta hotipoti zimepangwa mezani na nyumba kimya. Mumeo alikuwa amekwisha kula. Wewe ulikuwa unasahihisha mitihani huku unamega ugali bila kuutazama. Nikauliza Neema yuko wapi, ukanijibu bila kuinua kichwa kwamba mtoto anasoma, kesho ana mtihani, asisumbuliwe, akisikia njaa atakuja kujipakulia mwenyewe. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Nikauendea nikaugonga kwa kiganja, nikaugonga tena na tena mpaka ukafunguliwa, na mjukuu wangu akatokeza na vile visikilizio masikioni, ananishangaa. Ukasema mbele ya mumeo kwamba nafanya kama sijawahi kuona mtoto anasoma. Nyumbani kwa mkwe mtu humeza maneno mengi. Lakini nimerudi kwangu Makambako na maneno hayajashuka, kwa hiyo nisikilize.

Nimewahi kuona mtoto anasoma. Alikuwa dada yangu Tumaini.

Jina lake umelisikia, na umeiona ile picha yake ya sare ya shule. Ukiniuliza alikufaje nilikuwa nakwambia aliugua. Hakuugua hata siku moja.

Tulikuwa tunaishi pembeni ya mji wa Njombe, baba, mama, bibi mzaa baba, Tumaini na mimi. Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na mama alifundisha hapohapo. Jiko letu lilikuwa nje, kibanda cha tope chenye mafiga matatu, na wewe unaijua baridi yetu: hata mwalimu mkuu alikuwa anaacha viti vyake vya sebuleni anakuja kukaa kwenye kigoda karibu na moto, magoti yakigusa kidevu. Tulikula hukohuko jikoni, sahani moja ya ugali katikati na bakuli moja la mboga, mara nyingi figiri au maharage.

Mwenye kuamuru chakula alikuwa bibi. Mama alipika, lakini ugali ukishaiva bibi aliufunika, akasimama mlangoni pa jiko na kutuita. Alimwita mmoja mmoja kwa jina, hata kama umekaa hatua mbili nyuma yake. Na kuja peke yake hakukutosha. Ilikuwa lazima uitike kwanza. Baba na utu uzima wake wote aliitika naam. Mimi na Tumaini tuliitika abee. Mpaka kila mtu awe ameitika na kukaa, ugali haukufunuliwa. Tumaini alikuwa na tabia ya kuitika vizuri halafu haji, pua bado iko kitabuni, na mimi mwenye njaa ndiye niliyekwenda kumvuta mkono huku namnunia. Nilikuwa naona bibi anatutesa. Wageni walicheka. Jirani mmoja akipita jioni alikuwa anatusalimia kwa Kibena, kamwene, kisha anauliza kama leo wote tumehudhuria.

Basi mwaka huo Tumaini akawa kidato cha nne. Alikuwa na akili za darasani, na baba alimwekea matumaini yote. Mimi nilikuwa kidato cha pili na sikuwekewa matumaini mengi, na kwa kweli haikunisumbua. Novemba ikafika na mambo yake yote kwa pamoja, kama inavyofika kwako sasa. Mama akawa anarudi na rundo la karatasi za kusahihisha. Baba alikuwa na ripoti za kufunga shule, vikao vya wazazi, na watu wa ofisi ya elimu wanaotaka hiki na kile. Mimi na bibi tulikuwa shambani kupanda mahindi kila tulipopata nafasi. Chakula cha jioni kikaanza kuliwa vipande vipande. Baba akawa anapelekewa chake sebuleni. Mama anakula amesimama, sahani mkono mmoja na kalamu nyekundu mkono wa pili.

Ndipo baba alipotoa amri yake. Alisema Tumaini asiitwe kula mpaka mtihani uishe. Kutoka chumbani mpaka jikoni, kunawa, kula, mazungumzo ya bibi, kurudi, yote hayo ni muda wa kusoma unaopotea. Chakula kitapelekwa, kiwekwe kwenye kigoda mlangoni pake, na mtu asibishe hodi. Bibi akauliza kama hata jina asilitaje. Baba akasema kwa upole, maana alimheshimu sana mama yake, kwamba ndiyo, hata jina, ni kwa wiki chache tu. Bibi akakubali shingo upande.

Usimlaani babu yako. Nakuomba sana. Alikuwa anampenda Tumaini mno, ndiyo maana alitoa amri ile. Kwa mapenzi hayohayo alichukua magunia na magazeti ya zamani akaziba nyufa zote za dirisha la chumba chake, upepo usimguse. Alifanya kazi ile Jumamosi nzima, na alipomaliza alitembeza kiganja chake pembeni mwa dirisha akatabasamu kwa sababu hakusikia hewa ikipita.

Jioni ninayoisema, mvua ilikuwa imenyesha tangu mchana. Mimi na bibi tulirudi kutoka shambani tumelowa. Mama alikuwa amechemsha chai kwenye jiko la mkaa pale barazani, na alipoingia kupika ugali kwenye mafiga aliliacha lile jiko na makaa yake mekundu. Tumaini akalichukua akaingia nalo chumbani. Hakuna aliyemwona akilichukua, lakini hata angeonekana asingekatazwa. Watu wengi huku walifanya hivyo, na mpaka leo wanafanya. Ukiwa na moto wa kuni ndani ya nyumba utakohoa, macho yatawasha, utatoka nje upende usipende. Mkaa uliokolea hauna adabu hiyo. Hautoi moshi wa kuonekana. Unakupa joto, unakupa usingizi, na wewe unadhani ni uchovu wa kusoma.

Chakula kikaiva. Mama akapakua sehemu ya Tumaini kwenye bakuli, akafunika na sahani, akaiweka juu ya kigoda mlangoni. Halafu akaondoka kwa kunyata, asije akamkatisha mtoto. Habari ya kunyata kule mama yangu aliisimulia mpaka uzee wake. Alikuwa anasema, nilinyata, mwanangu, nilivua na kandambili.

Baba alikuwa sebuleni na ripoti zake, mama akamfuata huko na karatasi zake. Jikoni tukabaki mimi na bibi. Alikuwa amesimama mlangoni kama kawaida yake, akaniita mimi niliyekuwa nyuma yake, nikaitika, kisha akafungua mdomo tena akaufunga. Akaja akakaa. Tulikula ugali wa watu wawili na majani ya maboga, na moto ulikuwa mzuri, na kwa kweli mimi nilikuwa nafurahia kula bila kutumwa kumvuta mtu mkono. Bibi alikuwa anamega tonge analishika tu. Mwisho akanawa mikono kabla sijashiba, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Akasimama mlangoni pa jiko, mvua inamdondokea usoni kutoka kwenye nyasi za paa, akaita kwa sauti yake yote.

Aliita Tumaini. Akangoja. Akaita tena.

Baba ndiye aliyetoka, kalamu mkononi, amekunja uso. Akamwambia mama yake kwamba walikubaliana. Bibi alimjibu kwa Kibena, nami nakupa maneno yake kwa Kiswahili.

"Sijamwita aje kula. Nimemwita aitike."

Baba akasimama pale uani katika mvua. Nadhani alikuwa anasikiliza. Halafu akageuka akaenda kwenye kile chumba, kwanza kwa hatua za kawaida, na alipoliona bakuli juu ya kigoda halijafunuliwa akauvamia mlango kwa bega.

Tumaini alikuwa amelaza kichwa juu ya daftari, kama wanafunzi wanavyolala. Jiko lilikuwa karibu na miguu yake na makaa bado yana wekundu kidogo. Mashavu yake yalikuwa na rangi nzuri, na kwa hiyo mama alipomwona alisema amelala, mwacheni, amechoka. Baba akambeba mpaka uani, akamlaza kwenye tope chini ya mvua, anampigapiga mashavu na kumwita. Sasa alikuwa anamwita. Alimwita mpaka sauti ikakauka, na majirani wakaja, na mwenye gari la kubebea mbao akatupeleka hospitali tukiwa tumekaa nyuma, kichwa cha dada yangu mapajani pa bibi.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo. Aliuliza amekaa na lile jiko tangu saa ngapi, na hakuna aliyejua. Akauliza mara ya mwisho nani alisikia sauti yake. Watu wanne tunaishi naye nyumba moja na hakuna aliyeweza kujibu. Akaanza kusema kwamba angewahiwa mapema kidogo, kisha akatutazama akaacha, akaenda kutafuta shuka. Namshukuru mpaka leo kwa kutolimaliza lile neno, ingawa tulilimalizia wenyewe kila siku.

Msibani watu walikuja wengi, walimu, wanafunzi wenzake, kwaya ya usharika. Masufuria yalikuwa makubwa na wapishi wengi, na baba hakutia kitu mdomoni. Nilidhani bibi atamsema. Wazee wengine walimtegea aseme, maana alikuwa na haki. Hakusema. Usiku ule wa kwanza baada ya watu kuondoka, ugali ulipoiva, alikaa tu kwenye kigoda chake akatazama moto. Sote tukangoja. Mama akamwambia taratibu kwamba chakula kiko tayari. Bibi akasema yeye hataita tena, sauti yake haifai kitu, ilizuiwa siku ambayo ingefaa.

Baba akainama kama mtu aliyepigwa. Kisha yeye mwenyewe akanyanyuka, mwalimu mkuu, akaenda kusimama mlangoni pa jiko mahali pa mama yake, akatugeuzia mgongo akatazama uani, akaanza kuita. Alimwita bibi, akaitika. Alimwita mama, akaitika. Halafu akanyamaza, muda ule unaotosha mtu aliye mbali kusema abee. Kisha akaniita mimi.

Hivyo ndivyo alivyotuita kila jioni mpaka alipofariki, mwanangu. Aliita, akanyamaza mahali pa jina la dada yangu, akaendelea. Siku nyingine nilitamani kuziba masikio. Nilipoolewa na kuhamia Makambako, jambo la kwanza nililoona geni nyumbani kwa baba yako ni kwamba watu walikaa kula bila kuitwa, na mimi nikawa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, naita. Ninyi watoto mlinicheka, na wewe ulikuwa unaitikia kwa kuiga sauti ya mbuzi. Sikukugombeza hata mara moja. Kwangu hata sauti ya mbuzi ilitosha.

Sasa unajua kwa nini niligonga mlango wa Neema vile.

Sikwambii uache kazi. Najua Novemba ya mwalimu, nimelelewa ndani yake. Karatasi zitakuwepo, vikao vitakuwepo, na mtoto ana mtihani wa kweli unaohitaji kusomewa. Wala sikwambii upike pilau. Chemsha vile viazi nilivyokuletea, weka chumvi, inatosha. Lakini jioni ikifika zima simu yako, simama mahali ambapo sauti inafika kila chumba, uwaite kwa majina, mumeo na watoto, na usifunue chakula mpaka kila mmoja ameitika na umeuona uso wake. Akichelewa, mfuate. Akikasirika, akasirike, anayekukasirikia yuko hai. Chakula kile si cha tumbo peke yake. Ndiyo saa pekee ya siku ambayo nyumba inajua kama watu wake wote wapo, na ukiifuta kwa sababu ya shughuli hutajua umefuta nini mpaka mtu akuulize nani alisikia sauti yake mwisho, nawe ukose jibu. Na lile jiko dogo la mkaa nililoliona kwenye korido, litoe nje leo. Usingoje mitihani iishe.

Mwambie Neema bibi yake hana kichaa. Au mwambie ninacho, lakini aitike.

Mungu awabariki ninyi nyote hapo Njombe. Akujalie mikono isiyochoka na moto usiozimika jikoni pako. Na kila jioni utakayosimama mlangoni kuita, akujalie usilazimike kunyamaza kwenye jina la mtu yeyote.