Fulana ya Walioshindwa

Mara ya kwanza nilipompelekea mali, mtunza kumbukumbu wa makumbusho alinipokea kwa ukali: "Usiguse!" Nilikuwa nimegusa meza tu. Ndiyo maana hata walinzi wa getini walimwita Mama Usiguse. Mimi huuza masalia ya kampeni za zamani: beji, kofia, kadi za vyama vilivyokufa. Yeye hununua kwa niaba ya serikali, na hubana kama anayetoa mfukoni mwake.

Aliingia pale akiwa mpiga chapa. Mtunzaji wa zamani alipostaafu, akaachiwa funguo za stoo kwa wiki mbili. Zikawa miaka kumi na tisa. Kiti chake hukaliwa na maboksi. Yeye mwenyewe hufungua droo, akaifunga, akachungulia dirishani, akarudi kwenye droo ile ile, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mumewe, fundi saa, aliwahi kuniambia, "Huyu hata akilala, miguu iko kazini."

Mwaka jana ndio hakushikika kabisa. Makumbusho yalijaa vitu vya walioshinda uchaguzi wa kwanza, hadi miwani yao. Vya walioshindwa havikuwepo, maana siku ya matokeo wafuasi wao walichoma kila kitu kwa hofu. Mkurugenzi akampa hadi Ijumaa: alete kitu kilichovaliwa kweli, la sivyo kabati la vioo aliloliomba litajazwa kalamu za rais mstaafu.

Mimi nilikuwa na fulana ya njano ya hao walioshindwa, jasho limekaukia shingoni, gundi ya mabango begani. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akazunguka meza mara mbili. "Kesho asubuhi, kaka. Kesho!"

Mnunuzi akihangaika hivyo, muuzaji huipamba mali. Nikailoweka kwa sabuni na dawa ya madoa, nikaipiga pasi. Ikang'aa kama sare ya siku ya kufungua shule.

Alhamisi aliikunjua, akainusa shingoni.

"Umeifua?"

"Mali safi, mama."

"Umenifulia jasho la miaka arobaini! Sasa nitathibitishaje haikushonwa juzi?" Akaenda dirishani, akarudi. "Nipeleke kwa aliyeivaa."

Chimbuko la mali halitajwi. Ndilo shamba langu. Nikadai kwanza bei yote ya fulana, kana kwamba haijafuliwa. Akalipa kwa fedha yake mwenyewe, bila kubishana, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Nikamtajia mzee mmoja, mbandika mabango wa zamani, nyuma ya karakana ya baiskeli.

Akaenda hapo hapo, kwa miguu. Akamwuliza mzee alibandika mitaa gani, nani alimkimbiza, alijificha wapi. Jioni akarudi na gunia zima lililokuwa limefichwa darini: brashi, ndoo ya gundi, fulana mbili ambazo hazijawahi kuona maji. Vyote bure. Ijumaa kabati likajaa, naye akabaki na pengo mfukoni.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa mzee kama kawaida.

"Miaka yote hiyo umekuja hapa," akaniambia, "hukuniuliza hata nilikuwa nabandika mtaa gani."

Sikuondoka na hata beji moja.