Kadi Aliyoiweka Mezani

Jumamosi asubuhi, nikiwa nyumbani Columbus, jina la mzee rafiki yangu lilitokea kwenye simu yangu, nami sikuipokea. Yeye mwenyewe ndiye aliyenizoesha hivyo, tulipokuwa tukipakia maboksi kwenye ghala moja la Jeffersontown, Louisville: ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitikie mara ya kwanza. "Bon, ya kwanza inaweza kuwa ya mufu," alikuwa akisema bila kucheka. "Muache aite tena." Simu ilipoita tena nikapokea, nikiwa na utani mdomoni. Alikuwa mwanawe wa kiume. Mzee alikuwa amefariki alfajiri ile kwa saratani ya mifupa, nyumbani kwao West Side, Buffalo, walikohamia baadaye. Tulipomaliza kuongea jina lake lilikuwa bado kwenye kioo cha simu.

Wasomaji wangu mtanivumilia, maana leo lazima nitaje bangi, neno tusilolitamka makanisani kwetu. Daktari wake alimwidhinishia matone ya bangi ya kuweka chini ya ulimi, jimbo likampa kadi ya mgonjwa, na mzee akaanza tena kupata usingizi. Kichupa alikificha kwenye kopo la maziwa ya unga, wageni wa kanisani wasikione. Alibaki na haja moja tu, uraia. Binti yake aliyeolewa alikuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na ni mzazi aliye raia tu anayeweza kumwombea mtoto aliyeolewa aje huku. Siku ya usaili nilisafiri hadi Buffalo kuwa mkalimani wake. Jina lake liliitwa, akatulia, macho yake kwenye kiti kitupu mbele yetu. Lilipoitwa tena, akainuka. Mezani akafungua mfuko wake wa plastiki na kupanga kadi zote alizowahi kupewa maishani, kuanzia ya mgao wa kambini, kwa kuwa kule ukikosa kadi umekosa unga. Ile ya bangi ilikuwa katikati. Niliiona, lakini mkalimani haruhusiwi kushauri. Ofisa akaiinua, akauliza kama anaitumia. Mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya mwenzake, kwa hiyo ni mdomo wangu uliosema, "Ndiyo, natumia bangi."

"Ni ya munganga wa hospitali, madame," mzee akaongeza. "Steti yenyewe ndiyo ilinipatia."

"Hapa ni federo," ofisa akajibu kwa upole, nami nikalitafsiri hilo pia: serikali kuu ya Marekani, ambako bangi bado ni kosa. Ombi lilikataliwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisikia sauti yangu ikikiri. Kwa miaka kadhaa wabunge wamekuwa wakiweka kwenye bajeti kifungu kinachowazuia waendesha mashtaka wa federo kutumia fedha kupambana na sheria za majimbo za bangi ya tiba. Ni kifungu cha kuombewa upya kila bajeti, na hakifiki kwenye meza ile ya uraia. Mtu yule yule alikuwa mgonjwa akiwa kwa daktari wake na mkosaji mbele ya ofisa, na nadhani ndiyo maana mwishoni alikuwa akijitazama sana kwenye kioo cha bafuni. Aliacha matone ili aombe tena akiwa safi. Alikufa na maumivu yake yote, na hilo linanikasirisha.

Baada ya mazishi tuliketi sebuleni kwake. Simu yake, iliyokuwa kando ya lile kopo, ikaita, na kwenye kioo likatokea jina la binti yake wa kambini. Hakuna aliyenyanyuka. Ikakatika, ikaita tena.

"Tumuache tu," mwanawe akaninong'oneza. "Anajua papa amekufa. Anapiga juu asikie sauti ya papa kwenye message."

Nilipotoka nje niliipiga namba ya mzee. Sauti ya mzee ikajibu, "Bon, siko hapa. Ita tena."

Mimi ni raia, nina kura. Jumatatu nitampigia mbunge wangu kuhusu meza ile, na asipoitika mara ya kwanza, nitaita tena.