Mpimaji wa Stendi

Hospitalini vipimo viliadimika, biashara za upimaji zikaruhusiwa, na pale stendi ya Same kila mwenye hadubini akageuka daktari. Mpimaji mmoja wa hapo hunyoosha koti lake jeupe, hufumba jicho moja, huguna kama mzee wa kanisa, kisha hutamka: "Taifodi." Mkojo, taifodi. Usaha wa kidonda, taifodi. Hedwiga, mteja wake wa kijiji cha Chome mlimani, aliteremka tena na makohozi ya mwanawe. Taifodi aliyoambiwa mara ya kwanza ilishatibiwa, kikohozi kiko palepale. Akamkuta mpimaji keshaketi ndani ya basi la Moshi, amepakata kikopo.

"Safari, daktari?"

"Mwanangu anakohoa, mama. Napeleka makohozi yake hospitali kubwa ya Moshi, wakamtambue mdudu hasa."

Hedwiga akapanda na kikopo chake.

"Sogea, daktari."